Watu wa Ng'ambo ya Endashan

Nakwa, Babati
4 Septemba 1983

Baba,

Shikamoo.

Nimerudi kutoka zamu ya asubuhi nikakuta mlango umefungwa na ufunguo uko kwa Mama Wilhelmina. Nikadhani umekwenda kanisani. Mama Wilhelmina akaniambia, "Baba yako amepanda lori la misheni na jembe, shoka na godoro. Anasema anakwenda kufungua nchi." Nikamwomba arudie, maana nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

Baba, kufungua nchi gani? Una miaka hamsini na minane. Una goti bovu. Mwaka jana ulistaafu kazi ya barabara ukasema sasa utapumzika, na kweli tangu Mama afariki ulikuwa unapumzika hata kabla ya kustaafu: kiti, redio, chai, kiti. Mimi sikulalamika. Nilikupikia, nilikufulia, nilipanga foleni ya sabuni kabla ya kwenda kazini. Kama kuna mahali nilikukosea ungesema. Mtu hamkimbii mwanawe kama mdeni.

Xavery, yule dereva wa lori, anasema mmeacha barabara ya Dodoma mbele ya Bonga mkashuka bondeni kwa miguu mpaka mto Endashan, mahali ambapo gari haliwezi kufika. Anasema hupita njia panda ya huko akienda kuchukua mbao, na kwamba barua hii atahakikisha inakufikia. Nijibu mara moja. La sivyo nitakuja mwenyewe, na nikija sitakuja kwa upole.

Mwanao,
Ursula


Ng'ambo ya Mto Endashan
18 Septemba 1983

Mwanangu Ursula,

Marahaba sana. Mimi ni mzima, na goti limeacha kuuma kwa sababu huku hakuna mtu wa kulihurumia.

Usinikasirikie kwamba niliondoka bila kuaga. Ningekuaga, ungenizuia. Ungenizuia, ningekaa. Nakujua na ninajijua.

Sasa nikueleze tulivyofika, ili siku moja watu wakiuliza historia ya mahali hapa uwe nayo kwa mwandiko wangu. Tuko kaya nane. Wengi ni watu wetu walioshuka kutoka Mbulu, ambako mashamba yamegawanywa na kugawanywa mpaka ukilala miguu yako iko kwa jirani. Kiongozi wa hao ni Aniceti, ana mke na watoto watano. Halafu yuko Mchaga mmoja, Elimringi, Mlutheri, ambaye alikuwa na duka hapo Babati. Anasema alichoka kufuta vumbi kwenye rafu tupu.

Tulifika mtoni mchana. Ng'ambo tuliona nyasi ndefu, migunga, udongo mweusi, na ukimya. Aniceti akavua kofia akasema, "Hapa hajakanyaga mtu tangu dunia iumbwe." Kwa kuwa mimi ni mkubwa wao, wakanipa heshima ya kuvuka wa kwanza. Nikakunja suruali. Nikatoa hotuba fupi, nzuri kweli, kuhusu waasisi na vizazi vijavyo. Nikaingia mtoni na kuzama mpaka kifuani.

Ndipo mwanamke mmoja akainuka katikati ya mbuzi upande wa pili akasema, "Mzee, hapo ni shimo. Kivuko kiko huku." Akatuonyesha. Mbuzi wake walikuwa wanavuka, maji hayafiki hata matumboni mwao.

Kwa hiyo historia ya kweli ni hii: waasisi wa Ng'ambo ni kaya nane, na jirani ambaye tayari alikuwepo misimu miwili ya mvua. Anaitwa Leonia, mjane wa Dareda. Alipofiwa, shemeji zake waligawana shamba, naye akachukua mbuzi zake akatembea mpaka akakuta mahali ambapo hakuna shemeji.

Niletee chumvi, na sindano ya kushonea. Mpe Xavery chai. Anatoka mbali.

Baba yako,
Pantaleo


Nakwa, Babati
20 Novemba 1983

Baba,

Shikamoo.

Chumvi hiyo, nimeigawana na Mama Wilhelmina ndiyo maana ni kidogo. Sindano hiyo. Nimeongeza klorokwini, na karatasi niliyoandika jinsi ya kumeza. Usiwape watoto kipimo cha watu wazima hata kama Aniceti anasema watoto wake ni wakubwa.

Hapa mjini hali unaijua. Unga ni ule wa njano, na wenye ugali mweupe wanafunga mlango wakila. Sukari sijaiona tangu uondoke. Kitenge kikifika dukani, mji mzima unajua kabla ya mwenye duka. Na bado kazini tunazalisha akina mama kila siku, na watoto wanazaliwa wanacheka utadhani hawajaambiwa.

Nimesoma habari ya kuzama kwako nikacheka mpaka nikakasirika kwamba nimecheka. Hata hivyo mvua inakuja. Utarudi kabla haijaanza, sivyo? Nimekipangusa kiti chako. Redio haina betri, lakini betri zikipatikana nitakununulia.

Xavery alikunywa chai. Alikunywa vikombe vitatu, bila sukari, akasema ni tamu.

Huyo jirani yako, anaishi na nani?

Ursula


Ng'ambo
15 Januari 1984

Mwanangu Ursula,

Marahaba. Hatuna muda wa kurudi. Tumejenga daraja!

Miaka thelathini nimewajengea watu barabara na makalvati, lakini daraja lenye moyo wangu ndani yake ni hili. Tulikata magogo, tukayavuta kwa ng'ombe wawili wa Aniceti, tukayalaza juu ya mawe na kuyafunga kwa kamba na ngozi. Elimringi alichonga vigingi. Wanawake waliimba. Kulikuwa na ugomvi kuhusu wimbo, kwa sababu Walutheri wanauvuta na sisi Wakatoliki tunauwahi, wakati huohuo gogo liko mabegani. Mwishowe tuliimba kila mtu kwa mwendo wake na gogo likafika vilevile.

Siku ya kulifungua tulivuka wote, kwenda na kurudi, hata kuku vipofu wa mke wa Aniceti walivushwa kwa tenga. Ni Leonia tu aliyekataa. Alisimama ukingoni amekunja mikono. Nikamuuliza, "Unaogopa nini? Mimi ndiye niliyejenga." Akasema, "Ndiyo, lakini mto huu haujaja bado."

Maneno gani hayo kwa mtu aliyefanya kazi!

Umeuliza anaishi na nani. Anaishi na mbuzi. Hakujaliwa mtoto, ndiyo maana hapa wote tunamwita Leonia tu, hakuna jina la Mama Fulani la kumpa. Ana kicheko kimoja kikubwa, kinafika mpaka kwangu, na nyumba yangu ipo kando kabisa ya daraja.

Nitumie sindano nyingine. Ile ya kwanza imepotea.

Baba yako,
Pantaleo


Nakwa, Babati
2 Aprili 1984

Baba,

Shikamoo.

Huu ni mwezi wa tatu sijapata neno lako. Xavery amekwenda njia panda mara nyingi, anasema bonde limejaa maji na hakuna aliyepanda kutoka huko. Nimemwambia aende kwa miguu. Amekwenda. Amerudi na tope mpaka masikioni, anasema aliona mto kwa mbali lakini hakuona daraja. Labda alikuwa mahali pengine, anasema, ili nisilie.

Baba, andika neno moja tu.

Ursula


Ng'ambo
27 Aprili 1984

Mwanangu Ursula,

Marahaba. Mvua ilikuwa nzuri sana. Mimi ni mzima kabisa. Daraja linapumzika kidogo. Nimehamia nyumba mpya huku juu, ina upepo mzuri. Samahani karatasi ni ya mfuko wa saruji.

Mahindi yako kiunoni.

Baba yako,
Pantaleo


Nakwa, Babati
30 Agosti 1984

Baba,

Shikamoo.

Gunia limefika! Mahindi meupe! Nimeyamwaga sakafuni nikakaa katikati yake na sare yangu ya kazi. Mama Wilhelmina aliingia akanikuta hivyo, akavua viatu, naye akakaa.

Njiani hayakupita kirahisi. Kwenye kizuizi askari alimsimamisha Xavery akamuuliza mahindi ni ya nani na yanakwenda wapi, akaanza kutaja uhujumu uchumi. Xavery akasema ni ya Ursula, muuguzi, yametoka kwa baba yake. Askari akauliza, "Ursula yule mrefu, mkali?" Xavery akasema huyohuyo. Kumbe mke wake alijifungua mapacha mikononi mwangu mwezi wa sita, na nilimfukuza askari huyo wodini kwa sababu alikuwa anatetemeka kuliko mkewe. Akafungua kizuizi mwenyewe akapiga saluti.

Tumesaga debe moja. Jioni tulikula ugali mweupe, mlango wazi, na kila aliyepita tulimwita. Watu wanauliza Ng'ambo ni wapi. Wengine wanauliza kama bado kuna nafasi. Sijui niwajibu nini, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kupaona.

Ile barua yako ya mwezi wa nne mwandiko ulikuwa unatetemeka. Sijasahau. "Daraja linapumzika" maana yake nini?

Ursula


Ng'ambo
9 Desemba 1984

Mwanangu mpendwa,

Marahaba.

Sasa tuko kaya kumi na tisa. Tumejenga banda la sala, Wakatoliki wanaanza asubuhi, Walutheri wanafuata, na anayechelewa ibada yake anasali ya wenzake. Watoto wanafundishwa kusoma na mke wa Elimringi kwa kuandika mchangani. Afisa mmoja alikuja kwa miguu kututazama, akala, akalala, akaondoka akisema tutaandikishwa kuwa kijiji.

Haya nimeyaandika kwanza ili kuchelewesha la pili.

Ursula, nataka kumwoa Leonia. Naye amekubali, baada ya kucheka sana. Padri Remigius atakuja baada ya Pasaka. Sitaki kufanya jambo hili ukiwa umenuna. Mama yako Emerensiana nilimpenda na ninampenda. Lakini mimi si kiti, mwanangu. Nilidhani nimekuwa kiti.

Nijibu.

Baba yako,
Pantaleo


Nakwa, Babati
6 Januari 1985

Baba,

Shikamoo.

Umeniambia nijibu, najibu. Hapana.

Kaburi la Mama bado halijasahau mvua iliyonyesha siku tulipomzika. Wewe uliondoka na godoro bila kuniaga, ukaniachia nyumba, kiti na redio, nami nikavitunza kama mjinga. Sasa nasikia ulikuwa unatafuta mke.

Nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Mwaka 1982 kuna mtu alitaka kuleta posa. Alikuja mpaka mlangoni. Nilimwambia arudi alikotoka, nina baba mgonjwa wa huzuni, siwezi kumwacha. Alikwenda. Mimi nilibaki kwa ajili yako. Wewe hukubaki kwa ajili yangu hata kwa neno la kwaheri.

Oa ukitaka. Una umri. Lakini usiniombe nipige vigelegele.

Ursula


Ng'ambo
17 Februari 1985

Kwa Ursula Pantaleo,

Hujambo. Mimi ni Leonia. Hunijui, na baba yako hajui kwamba naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, usihesabu makosa.

Siandiki ili unipende. Naandika kwa sababu baba yako amesoma barua yako, ameikunja, na tangu hapo hasemi na mtu. Mimi sipendi mtu wa kukaa kimya. Nilikuwa na ukimya wa kutosha kabla yenu.

Mwaka jana mwezi wa tatu mto ulikuja. Ulikuja alasiri, jua linawaka, maana mvua ilinyesha juu huko milimani. Watu wote walikimbia kwenda juu. Baba yako alikimbia kwenda darajani. Alitaka kulifunga kamba! Maji yakalichukua daraja pamoja naye, na nyumba yake ikafuata. Alishika gogo. Mimi na Elimringi tulimvuta kwenye kona ya mto, mimi nimeshika nywele, Elimringi ameshika mkanda. Baadaye akapata homa mpaka mwezi wa nne ukaisha. Ile barua ya mwezi wa nne aliandika amelala. Nilimwambia mweleze mtoto wako ukweli. Akasema, "Ursula akijua atakuja kunichukua. Nikirudi Nakwa atanipikia mpaka nywele zake ziwe nyeupe."

Nikamuuliza, kupikiwa kuna ubaya gani? Ndipo akaniambia habari ya yule mtu wa mlangoni. Alikuwa kwenye kiti, redio inaongea. Alikusikia ukimfukuza. Akaongeza sauti ya redio ili usijue kwamba amesikia. Mwaka mzima hiyo sauti yako haikumtoka. Siku Aniceti alipopita Babati akitafuta watu wa kwenda kulima, baba yako alifunga godoro. Hakukukimbia. Alitoka njiani ili upite.

Na zile sindano. Nimempa mimi sindano, anazo za kutosha. Anakuomba vitu ili Xavery awe na sababu ya kubisha hodi kwako. Anajua kwamba mtu wa mlangoni alikuwa Xavery. Wewe ulidhani hajui.

Picha ya mama yako iko ukutani kwa baba yako. Msumari niliupiga mimi, yeye alikuwa anaupiga vibaya. Siji kuing'oa.

Ukikataa, nitabaki kuwa jirani. Si adhabu kubwa. Kicheko changu kinamfikia.

Leonia


Nakwa, Babati
30 Machi 1985

Baba,

Shikamoo.

Nitakuja na Padri Remigius Jumamosi ya tarehe ishirini mwezi ujao. Lori litatufikisha linapoweza. Mama Wilhelmina anakuja pia, na mchele tumeupata, usiulize tumeupataje.

Usidhani nimekubali. Nakuja kuona kwa macho yangu.

Na usiniombe sindano tena.

Ursula


Ng'ambo
Jumapili, 21 Aprili 1985

Mwanangu Ursula,

Naandika huku nakuona. Umekaa kwenye jiwe upande huo, umejifunika blanketi ya Xavery, na Padri Remigius anaanika soksi. Naweza kuhesabu soksi lakini siwezi kukuuliza neno, kwa sababu mto huu unapiga kelele kama mashine ya kusaga. Aniceti ataifunga barua hii kwenye jiwe na kuirusha kwa kombeo. Anasema halengi vibaya. Waambie watu wajihadhari.

Nikueleze jana ilivyokuwa kwa upande wetu, halafu nitakuuliza swali moja.

Asubuhi tulikuwa tayari. Mbuzi wamechinjwa. Leonia amevaa gauni la kijani, limeshonwa na wanawake wote, kila mtu mkono wake. Mimi nina koti langu lile ulilonitengenezea kola. Tukashuka kuwapokea, na tulipofika ukingoni tukakuta mto umejaa tangu alfajiri, maji mekundu, miti mizima inapita mizizi juu. Nanyi mkatokea upande huo na masufuria vichwani. Tukatazamana.

Tulidhani mtarudi. Kumbe lori limezama kwenye tope hamwezi hata kurudi. Ndipo Padri akavaa stola shingoni, akatuonyesha kwa mikono: nyinyi hapo, mimi hapa, tuanze. Lakini nani atasikia? Elimringi akasema yeye aliongoza kwaya Machame kwa miaka kumi, sauti ya mtu haimpotei. Akapanda juu ya mwamba, akaweka mkono sikioni, akawa anapokea maneno ya Padri na kutupigia sisi. Mlutheri! Anapiga kelele, "Padri anauliza! Pantaleo! Unamkubali Leonia!" Nami ninajibu, naye anarudisha, "Amesema ndiyo!" Kwa Leonia akauliza, "Unamkubali huyu mzee?" Nina hakika neno "huyu mzee" halimo kwenye kitabu.

Halafu Padri akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Huku kwetu watu wakatikisa vichwa. Upande huo naye akakugeukia wewe. Nilimwona akikugeukia.

Ukasogea mpaka ukingoni. Ukaweka mikono mdomoni. Ukapiga kelele.

Elimringi alikuwa anakohoa! Saa zote hakukohoa, akakohoa wakati ule. Mimi nilisogea mbele nisikie, sikusikia kitu, niliona tu mdomo wako. Nikasema moyoni, basi, amekataa mbele ya Mungu na watu. Papo hapo Leonia akanikamata koti kutoka nyuma kwa nguvu, kifungo kikaruka majini. Akanivuta. Nilipogeuka alikuwa anacheka kile kicheko chake, halafu kikakatika, akaanza kulia, akajifuta kwa gauni jipya. Nikamuuliza, "Amesema nini?" Akasema, "Muulize mwenyewe."

Padri akainua mkono akatubariki, kwa hiyo najua nimeoa. Tumecheza mpaka miguu imekataa. Lakini Leonia hasemi. Nimembembeleza, nimemnunia, amenipa nyama akasema nitafune.

Mwanangu, ulisema nini?

Baba yako,
Pantaleo


Upande huu wa mto
Jumapili hiyohiyo

Baba,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu jana niliipiga kelele na hukuisikia.

Jiwe lako limetua kwenye sufuria ya wali. Mama Wilhelmina amelitoa, amelipangusa, akasema ni baraka ya maarusi. Wali wa harusi yako tumeula sisi, samahani. Padri ameongeza mara mbili. Barua hii anairusha Xavery, ambaye hajui kombeo, kwa hiyo ikikufikia ujue ni jiwe la nne au la tano.

Nikwambie ukweli. Nilikuja na maneno. Niliyapanga tangu Bonga, lori linatikisika, mimi nayapanga na kuyapangua. Sikuwa nakuja kukataa, hilo lilikwisha siku nyingi, kuna mtu aliniandikia na sitakuambia ni nani. Nilitaka kusema maneno mazuri. Nilitaka kusema kwamba sasa najua kwa nini uliondoka, na kwamba mimi pia nilikuwa nimekaa kwenye kiti, ila changu kilikuwa na miguu ya kutembea kazini na kurudi. Nilitaka watu wa kwenu wote waone kwamba Pantaleo ana binti anayejua kusema.

Tulipofika nikakuona. Baba, nilikuwa nimesahau kwamba wewe ni mrefu. Ulikuwa umesimama wima, koti limekubana mabega. Nilimuuliza Xavery, "Yule ni Baba?" Akasema, "Ndiye. Huku ndivyo alivyo." Nikaanza kulia kabla ya misa.

Basi Padri akanigeukia. Akasema, "Ursula, ndugu wa upande huu ni wewe peke yako. Una neno?" Nikasogea, nikaweka mikono mdomoni, niko tayari kuanza. Na wewe, ili unisikie, ukapiga hatua mbele ukakanyaga lile jiwe la kijani lenye utelezi, na viatu vyako vya kanisani visivyo na soli, maji yanapita chini ya vidole vyako!

Maneno yote yakaruka. Nikapiga kelele, "Mama! Mshike! Mama, mshike Baba, ataanguka!"

Ndivyo nilivyosema.

Sikusema Mama Fulani. Sikusema Bi Leonia. Nilisikia sauti yangu ikiita hivyo, neno ambalo sijamwita mtu tangu tulipomzika Mama. Naye alinisikia, kwa sababu alikushika kabla sijamaliza. Padri akaniuliza, "Je, hilo ni pingamizi?" Nikamwambia, "Hapana, Padri." Akasema, "Basi tuendelee, kabla bwana harusi hajaondoka na mto."

Jioni tuliwaona mkicheza, na sisi tukacheza huku. Hatukuwa tunasikia ngoma zenu, tulikuwa tunafuata miguu. Mama Wilhelmina alimkanyaga Padri.

Maji yameanza kupungua. Xavery amesimika fimbo na kila mara anakwenda kuitazama, utadhani kwa kuitazama maji yatapungua upesi. Ana neno la kukuambia. Alitaka kulitupia huko kwa sauti mbele ya Elimringi na kijiji kizima, nimemkataza. Nimemwambia neno lile lilikwishafukuzwa mlangoni mara moja, safari hii litavuka kwa miguu na kukaa chini kama neno la watu wenye adabu. Mkubalie upesi, Baba, maana mimi nimeshamkubalia.

Sasa tafadhali ondoka hapo ukingoni. Nakuona. Umerudi kwenye jiwe lilelile kusoma.

Mwambie Mama asikuachie.

Binti yenu,
Ursula